Kibaba Chetu, Daftari Lao

Februari 2025 tuliambiwa kwamba marehemu alikuwa ametia sahihi. Ripoti ya uchunguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa kitaifa wa vyama vya akiba na mikopo nchini Kenya, ilisema kuwa sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufariki ilighushiwa ili kuidhinisha hesabu za muungano huo. Tukacheka, maana Mkenya akiibiwa hucheka kwanza. Utani ulidumu siku chache mitandaoni, kisha ukapitwa na utani mwingine. Shilingi bilioni 13.3 ambazo ripoti ilisema zimepotea hazikurudi.

Mimi sina neno na marehemu. Neno langu ni kwa walio hai. Hesabu za chombo cha ushirika hazizaliwi na kufia kabatini. Huchapishwa, hugawiwa wajumbe, husomwa kikaoni, mmoja hupendekeza zipitishwe, mwingine humuunga mkono, kisha zinapitishwa. Kila mwaka kulikuwa na watu wazima, wengi wao wasomi, walioketi mbele ya vitabu hivyo wakapiga makofi. Nauliza jambo moja tu. Katika mlolongo mzima, kutoka kwa muuguzi anayekatwa shilingi 2,000 kila mwezi hadi kwa meneja aliyeketi makao makuu ya muungano, kazi ya kuuliza ilikuwa ya nani?

Jibu langu, ambalo nitalitetea hapa, ni kwamba haikuwa ya mtu yeyote. Tuna mwavuli ambao sisi ndio tunaoulipia, lakini hauwajibiki kwetu. Wachache wanaoweza kuuwajibisha ndio hao hao wanaofaidika na semina zake, posho zake na safari zake. Wizi, kama upo, ni matokeo tu ya mpango huo.

Kama umeajiriwa juzi, huenda unaijua SACCO kama mstari mmoja kwenye hati yako ya mshahara. Basi tuanzie hapo. Walimu wana SACCO zao, polisi wana zao, wakulima wa chai wana zao, na hata matatu unayopanda asubuhi imeandikwa jina la SACCO ubavuni. Unaweka akiba kila mwezi. Baada ya muda unakopa, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yako, na wenzako wanakudhamini kwa akiba zao. Mwishoni mwa 2023, SACCO zinazosimamiwa na mamlaka ya SASRA zilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 6 na mali iliyokaribia shilingi trilioni moja. Pesa hizo hazikutoka kwa matajiri. Ni karo ya kidato cha kwanza, ni ploti ya hamsini kwa mia, ni ng'ombe wa maziwa, ni bili ya hospitali ya baba. Ukimwona Mkenya wa kawaida amejenga, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyuma ya tofali lile kuna SACCO na wadhamini.

KUSCCO iliundwa mwaka 1973 ili iwe sauti ya vyama hivi. Hoja ya kuiunda ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. SACCO moja ya wafanyakazi wa kaunti haiwezi kwenda Hazina ya Taifa kubishana kuhusu kodi ya akiba. Haiwezi kuajiri wanasheria wa kuuchambua kila muswada unaofika bungeni, wala kuandaa mafunzo ya makarani wake peke yake. Vyama vikichanga, vinaweza kuajiri watu wa kazi hiyo. Hao ndio wanaoitwa mwavuli, na mwavuli ni lazima.

Lakini mwavuli huu ulianza kufanya kazi nyingine. Ulianzisha mfuko ambamo SACCO zenye pesa za ziada ziliweka amana, na zenye upungufu zikakopa. Wazo lenyewe halina ubaya, kwani ni ushirika wa vyama kama vile SACCO ilivyo ushirika wa watu. Tatizo ni kwamba mtetezi alikuwa amegeuka mpokeaji wa amana, na hakuwa na leseni ya kupokea amana. Sheria ya SACCO ya mwaka 2008 iliiunda SASRA ili ivisimamie vyama vinavyopokea akiba za watu. Muungano wa vyama hivyo haukuwa chini ya SASRA. Kama chombo cha ushirika, ulibaki mikononi mwa Kamishna wa Ushirika. Kwa hiyo SACCO yako ililazimika kuonyesha mtaji wake, ukwasi wake na mikopo yake mibovu kwa msimamizi mkali, halafu ikachukua sehemu ya akiba yako na kuipeleka mahali ambapo msimamizi huyo hakuwa na mlango. Watoto walikaguliwa kucha na masikio kila Jumatatu, na mzazi aliyebeba kikapu cha chakula chao hakuguswa na mtu.

Mwaka 2024 uongozi uliondolewa, bodi ya muda ikawekwa, na kampuni ya PwC ikaitwa kuchunguza. Waziri wa Ushirika, Wycliffe Oparanya, ndiye aliyetangaza matokeo. Shilingi bilioni 13.3 zimepotea. Madeni ya muungano yameizidi mali yake kwa takriban bilioni 12.5. Hesabu zilikuwa zimepikwa kwa miaka ili chombo kilichofilisika kionekane kina afya. Ripoti ikapelekwa kwa wapelelezi. Nani ana hatia na nani hana ni kazi ya mahakama, na sitamtaja mtu hapa. Mtu mmoja akifungwa, watu watapumua na kusema haki imetendeka. Kiti alichokalia kitabaki pale pale, na mwingine atakikalia.

Bilioni ni neno linaloteleza, kwa hiyo acha nilivunje. Mtu anayeweka shilingi 2,000 kwa mwezi huweka 24,000 kwa mwaka. Ili kufikisha bilioni 13.3 unahitaji wanachama zaidi ya 554,000 wa namna hiyo, wote waweke mwaka mzima, pasiwe na hata mmoja aliyekosa mwezi kwa sababu ya msiba au karo. Hiyo ndiyo jasho iliyomwagika. Na hakuna mwanachama hata mmoja kati ya hao aliyewahi kualikwa chumbani ambamo pesa hizo zilijadiliwa.

Sasa tuufuate mlolongo.

Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliandika upya misingi ya ushirika mwaka 1995, huko Manchester. Msingi wa pili unasema kwamba chama huongozwa na wanachama kwa demokrasia, na kwamba katika chama cha ngazi ya kwanza kila mwanachama ana kura moja. Kwa vyama vya ngazi za juu, msingi huo unasema tu kwamba navyo vipangwe kidemokrasia. Neno "tu" ni langu, lakini hapo ndipo kura yako inapoanza kukonda. SACCO ikishakuwa kubwa, wanachama hawawezi kukutana wote, kwa hiyo unamchagua mjumbe. Wajumbe wanaichagua bodi. Bodi inamteua wa kuiwakilisha SACCO kwenye muungano. Wawakilishi wanakutana na kuichagua bodi ya muungano. Bodi ya muungano inamwajiri mkurugenzi. Mkurugenzi anawaajiri wahasibu. Hesabu ngazi hizo kwa vidole. Swali lako likitoka chini likiwa na uzito wa debe la mahindi, litafika juu likiwa punje moja.

Na katika kila ngazi kuna kitu kinachomsubiri anayepanda. Ukiwa mjumbe, kuna nauli na chakula cha mchana. Ukiwa mjumbe wa bodi, kuna posho ya kikao. Ukiwa mwakilishi kwenye muungano, kuna semina, na semina za ushirika, kila mtu anajua, hupenda sana upepo wa bahari. Sisemi kwamba mwenyekiti wa SACCO ya Kericho asiende Mombasa. Nasema kwamba mtu ambaye mwenyeji wake ndiye mlipaji wa chumba, mpangaji wa ratiba na mtoaji wa cheti cha kuhudhuria, hawezi siku ya tatu asubuhi kusimama na kumwambia mwenyeji huyo: hebu tuonyeshe taarifa halisi za benki. Si lazima awe mla rushwa. Inatosha awe na adabu. Kwetu sisi adabu humzuia mgeni kuchungulia sufuria za mwenye nyumba, na muungano ulimfanya mwenye mali ajione mgeni.

Pesa za kuwakirimu hao wageni zilikuwa zetu. Katika gharama zote za mwavuli, hili ndilo linaloniudhi zaidi. Mchango wa SACCO yako kwa muungano, ada ya semina, malipo ya bima, yote hutoka kwenye faida ambayo ingekuwa gawio lako. Umelipia kunyamazishwa kwa mwakilishi wako. Ungeambiwa hivyo waziwazi ungegoma. Hukuambiwa, kwa sababu kwenye kitabu cha hesabu jambo hilo lina jina la heshima: "elimu kwa viongozi".

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwapo. Lilikuwa na jalada linalong'aa, picha za viongozi wakitabasamu, jedwali za rangi na mhuri wa mkaguzi. Mali ikaisha bila habari vilevile. Kwa hiyo tuwaongezee wahenga neno: daftari ambalo mwenye mali halisomi ni sawa na kukosa daftari, na ni baya kuliko kukosa, kwa sababu humpa mwizi cheti.

Niko kwenye SACCO, ambayo sitaitaja, na mikutano yake mikuu nimeihudhuria mara kadhaa. Utaratibu ni ule ule. Kuna maombi, kuna wimbo, kuna fulana, na mwaka mwingine kuna mwavuli wenye nembo, jambo ambalo sasa nikilikumbuka naona kama kejeli. Hesabu husomwa saa saba mchana, wakati harufu ya pilau imekwisha ingia ukumbini. Mwaka mmoja mzee mmoja, dereva mstaafu, aliinua mkono. Alikuwa amevaa miwani na ameshika kitabu, kidole chake kikiwa kwenye ukurasa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa pameandikwa uwekezaji mwingine. Mwingine upi? Pesa ziko wapi?"

Mwenyekiti alitabasamu. "Mzee wetu, asante sana. Hilo ni jambo la kitaalamu kidogo. Tutakujibu baada ya kikao."

Ukumbi ukacheka, si kwa ubaya, bali kwa njaa. Mzee akakaa. Sijui kama alijibiwa baada ya kikao, maana baada ya kikao kulikuwa na foleni ya chakula. Lakini sijasikia swali bora kuliko hilo katika mkutano wowote. Maneno manne tu: pesa ziko wapi, Mwenyekiti? Mzee hakuhitaji shahada ya uhasibu kuyauliza. Shahada zilikuwa meza kuu, na hazikuuliza.

Mstari ule wa "uwekezaji mwingine" unastahili kueleweka, kwa sababu ndimo hasara za namna hii hujificha. SACCO ikiweka shilingi milioni 100 mahali, kitabu chake huonyesha mali ya milioni 100. Huko ilikowekwa, pesa zinaweza kuwa zimekwisha, lakini kitabu cha SACCO hakijui. Kila mwaka kitaongeza na riba iliyoahidiwa juu ya milioni 100 hizo, riba hiyo itaitwa mapato, na katika mapato hayo utakatiwa gawio. Kwa hiyo unaweza kupokea gawio nono, ukamnunulia mama leso na sukari, na kumbe sehemu ya gawio hilo ni hewa. Hasara ikijulikana, SACCO hulazimika kutenga pesa kutoka faida za miaka inayofuata ili kuziba shimo. Ndivyo SACCO zilizokuwa na amana KUSCCO zinavyofanya. Kijana aliyejiunga mwaka huu atasaidia kulipia shimo lililochimbwa alipokuwa darasa la nne.

Ukiweka pesa benki na benki ikafa, Shirika la Bima ya Amana hukulipa hadi shilingi 500,000. Sheria ya SACCO ya 2008 nayo ilitaja mfuko wa kudhamini akiba za wanachama. Zaidi ya miaka 15 baadaye, KUSCCO ilipoanguka, mfuko huo ulikuwa bado ni maandishi kwenye karatasi. Ungetarajia kwamba kazi ya kwanza ya mtetezi wa wawekaji akiba ingekuwa kuupigia kelele mfuko huo usiku na mchana. Mtetezi ambaye mwenyewe alikuwa akila kwenye akiba hizo asingekuwa na haraka.

Najua majibu yatakayokuja, na kila moja nimelisikia.

La kwanza ni kwamba hawa ni wezi wachache, ushirika wenyewe ni safi. Nakubali kwamba ushirika ni safi, na ndiyo maana naandika. Lakini wezi wachache huhitaji giza jingi. Hesabu za kupikwa hazipiti mwaka mmoja tu kwa bahati. Zinapita miaka kwa sababu kila aliyezipokea alidhani aliyekuwa mbele yake amezisoma. Mjumbe alimwamini mwenyekiti, mwenyekiti aliiamini bodi, bodi ilimwamini mkaguzi, na mkaguzi alikuwa kaburini.

La pili ni kwamba wanachama hawaelewi mahesabu, wanataka gawio tu. Maneno haya hutamkwa na watu walioandika hesabu hizo kwa Kiingereza cha kihasibu, kurasa 80, na kuzigawa asubuhi ya siku ya mkutano. Msingi wa tano wa ushirika ni elimu na habari kwa wanachama. Kama mwanachama haelewi baada ya miaka 50 ya semina, basi semina hizo zilikuwa za nani?

La tatu ni kwamba serikali iingie isimamie kila kitu. Hili ndilo jibu la kwanza la Mkenya, na historia imelijibu tayari. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1966 ilimpa Kamishna nguvu nyingi mno, na ushirika ukawa tawi la siasa. Sheria ya 1997 ilimwondolea nguvu hizo ili wanachama wajitawale, lakini hakuna aliyewapa wanachama zana za kujitawala, na wajanja wakaingia. Marekebisho ya 2004 yakamrudishia Kamishna sehemu ya nguvu zake. Shirikisho la kwanza la vyama vyote vya ushirika, KNFC, lililoundwa 1964, lilidhoofika kwa uongozi mbaya hadi nafasi yake ikachukuliwa na chombo kingine. Kisha ukaja Muswada wa Ushirika wa 2024, na kila mtu akakodolea macho bunge. Kwa miaka 60 tumekuwa tukihamisha ufunguo kutoka mfuko wa Kamishna kwenda mfuko wa mwenyekiti na kuurudisha tena. Mwenye nyumba hajawahi kupewa hata nakala.

La nne ndilo linalonigusa, kwa sababu hutoka kwa wazee ninaowaheshimu: mwanangu, ukiupiga kelele muungano, watu watatoa akiba zao na SACCO zitaanguka. Mzee, naelewa hofu hiyo. Lakini ukimya ndio uliotufikisha hapa. Watu hawakimbii chama kinachoulizwa maswali na kujibu. Wanakimbia chama ambacho waziri ndiye anayewaambia ukweli wake kwenye televisheni.

Tufanye nini basi? Sitaki mwavuli uvunjwe. Mvua bado ipo. Nataka uwe wetu, na nataka mambo matano, yote mepesi kueleweka.

Chombo kinachotutetea kisipokee amana zetu. Anayetaka kupokea amana achukue leseni, akae chini ya SASRA, afunguliwe vitabu kama wengine. Kazi hizi mbili zikikaa mfuko mmoja, kila mara moja itaila nyingine.

Muungano utoe kila mwaka ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema umepokea kiasi gani, kutoka wapi, na umetumia kwa nini. Posho za bodi ziwe na mstari wao, safari mstari wao, semina mstari wao. Ukurasa huo usiishie kwa wenyeviti. Umfikie kila mwanachama kwenye simu yake, kama unavyofika ujumbe wa kumkumbusha mkopo.

Mtu aliyepokea posho au safari kutoka kwa muungano mwaka huo asiwe miongoni mwa wanaopiga kura kuzipitisha hesabu za mwaka huo huo. Kwenye kesi ya shamba hatuwezi kumruhusu jirani aliyelishwa na mdai awe mzee wa baraza. Kwa nini tumruhusu hapa?

Mkaguzi wa hesabu azungumze na SACCO moja kwa moja: aandike barua kwa kila SACCO kuuliza imeweka kiasi gani, na majibu yarudi kwake, siyo kwa mhasibu anayekaguliwa. Kila mhasibu anaujua utaratibu huu. Basi mwakilishi wa kila SACCO aulize kikaoni kama umefanywa, na SACCO yake itoe ushahidi kwamba barua iliifikia.

Na mfuko wa kudhamini akiba uanze kazi, na tarehe ya kuanza itangazwe.

Kuhusu haki ya kuuliza, usimsubiri mtu akupe. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na pia habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote zikihitajika kulinda haki. Akiba yako ni mali yako, na mali inalindwa na kifungu cha 40. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza namna ya kuomba. Barua ya ukurasa mmoja inatosha.

Sasa nageuka kwako wewe unayesoma hapa, ambaye pengine una shahada, simu nzuri na hasira za kutosha. Juni 2024 kizazi chako kiliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Mliutafsiri kwa lugha za nyumbani, mkauchambua usiku kucha, na wengine hawakurudi kutoka barabarani. Mlithibitisha kwamba karatasi nene ya serikali inaweza kusomwa na msichana wa miaka 22 aliyeketi kitandani kwake. Kitabu cha hesabu cha SACCO yako ni chembamba kuliko muswada ule. Pesa zilizomo ni zako kwa njia ya karibu zaidi kuliko kodi, maana umeziweka mwenyewe, kwa jina lako, na nambari yako ya uanachama. Lakini ukumbini vijana hawaonekani. Mkutano mkuu wameachiwa wastaafu, na wastaafu wanaambiwa watajibiwa baada ya kikao.

SACCO nyingi hufanya mkutano mkuu miezi ya mwanzo ya mwaka. Omba kitabu cha hesabu wiki mbili kabla, usikisubiri mlangoni. Tafuta penye uwekezaji, na penye neno "mwingine" piga mstari. Tafuta kiasi ambacho SACCO yako imelipa kwa vyama vya juu yake, iwe ni mchango, ada au bima. Nenda na wenzako watatu, kwa sababu sauti moja huchekwa na sauti nne husikilizwa. Hesabu zikishasomwa, kabla ya mtu kupendekeza zipitishwe, inua mkono. Salimia kwa heshima, taja ukurasa, taja mstari, uliza pesa ziko wapi na nani alizihakikisha kwa macho yake. Wakikwambia ni jambo la kitaalamu, waambie mtaalamu asimame aeleze, muda upo, pilau itangoja. Usikae mpaka ujibiwe.